Basi Lililooshwa Jumapili

Watoto ndio waliomwita Anti Taratibu, na wakubwa walipoona jina limemkaa, wakalichukua bila kumwomba ruhusa. Hata mwalimu mkuu, aliyekuwa na jina lake kamili kwenye faili, alikuwa akifungua dirisha la ofisi na kuita, "Taratibu, basi liko tayari?" Naye hujibu kutoka uwanjani, "Liko tayari tangu alfajiri, mwalimu. Tunawangoja nyie."

Shule ilikuwa juu ya mlima, na watoto walikaa mjini, chini. Kati ya shule na mji palikuwa na kilomita tisa za mteremko na kona saba ambazo madereva wa malori walizipita wakimtaja Mungu. Taratibu alikuwa amezishuka kwa miaka kumi na moja, jioni baada ya jioni, akiwa na watoto ishirini na wanane nyuma yake, na hakuna mtoto aliyewahi hata kumwagikiwa maji ya chupa. Watu walisema ana bahati. Lakini bahati haikuhusika, ila mguu wake na kichwa chake. Alishuka kwa gia ya pili, injini ikilalamika kwa niaba ya breki. Akikanyaga, alikanyaga sawasawa, kisha akaachia. "Breki si mto," aliwaambia madereva wageni. "Mguu haulali pale."

Na kazi haikuishia chini ya mlima. Palikuwa na barabara ndefu iliyonyooka pembeni mwa maghala, na hapo aliliacha basi litembee bila kugusa breki, ili upepo upite kwenye magurudumu. Akishamshusha mtoto wa mwisho, alilipeleka nyumbani kwake, ambako lilikuwa linalala uani. Hakuvuta breki ya mkono likiwa bado na joto. Aliliweka kwenye gia, akaweka kabari mbili za mbao chini ya matairi, akalipumzisha. Maji hakulimwagia hata kama limejaa tope mpaka madirishani, mpaka kwanza asogeze kiganja karibu na rimu na asihisi moto. Majirani walikuwa wakicheka. "Basi la Taratibu lina homa," walisema, "kila jioni linapimwa."

Aliishi na mdogo wake, ambaye wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Mama alipofariki, Taratibu alikuwa na miaka kumi na tisa, Kitinda minne. Shangazi yao alitaka kumchukua mdogo, Taratibu akakataa. Akaacha masomo, akaanza kuosha malori, kisha akajifunza kuyaendesha kwa madereva waliokuwa wamechoka. Kitinda alikulia mgongoni mwake, baadaye kwenye kiti cha utingo, baadaye darasani. Alipomaliza chuo, Taratibu ndiye aliyesimama mbele ya mwalimu mkuu akiwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili, akamwombea nafasi ya ukarani. Akaipata. Sasa ulikuwa mwaka wa tano, na asubuhi dada wawili walipanda mlima pamoja, mmoja kwenye usukani, mwingine kiti cha mbele akijipaka rangi ya midomo kona baada ya kona bila kukosea. Hilo lilikuwa fahari ya Taratibu. Alisema mdomo wa Kitinda ndio cheti chake cha udereva.

Mwaka uliopita Kitinda alikuwa amepata mchumba. Alikuwa mtu wa ujenzi, mcheshi, mwenye mikono mikubwa na simu mbili, na alijiita Injinia, ingawa uhandisi wake ulianza na kuishia kwenye kofia ya plastiki. Taratibu hakumpenda wala hakumchukia. Alimkaribisha chai, akamwita shemeji, akangoja siku watakayokuja wazee wake.

Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi asubuhi, Taratibu alipanda gari la abiria kwenda kwa shangazi, ambaye nyonga zilikuwa zimemshinda. Alimwogesha, akamfulia, akamkanda miguu, akalala huko, na Jumapili alasiri akarudi. Ufunguo wa basi aliuacha pale ulipokaa siku zote, kwenye msumari ndani ya kabati la nguo. Hakuwa na sababu ya kuuficha. Ndani ya nyumba ile aliishi yeye na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutembea.

Jumapili moja alirudi akakuta basi linang'aa kama sahani ya harusi. Vioo, matairi, hata ngazi. Ndani palinukia manukato, na kikaratasi cha harufu kilikuwa kinaning'inia kwenye kioo cha dereva.

"Nani kafanya hivi?"

Kitinda alitokea mlangoni akiwa amefunga kanga kiunoni, mikono bado ina maji. "Nani mwingine? Nakuona unavyochoka, dada. Nikasema na mimi siku moja nimfanyie kitu."

Taratibu alikaa kwenye ngazi ya basi. Hakuwa mtu wa machozi, lakini siku hiyo yalimponyoka. Katika miaka ishirini na minne ya kulea, hakukumbuka kuombwa radhi kwa uchovu wake, sembuse kupunguziwa. Jumatatu asubuhi aliwaambia walimu wote, hata yule wa hesabu ambaye hakuwa akimsikiliza mtu: "Mmeliona basi? Mdogo wangu huyo."

Lakini alipokanyaga breki kwenye geti la shule, usukani ulitetemeka mikononi mwake. Akarudia, ukatetemeka tena. Hakuwaambia watoto kitu. Alikwenda kwa mwalimu mkuu, akasema jioni hii watoto wachukuliwe na gari lingine, kisha akalishusha basi tupu kwa gia ya kwanza mpaka gereji ya fundi waliyemwita Sikio, kwa sababu kabla ya kushika spana alikuwa akifumba macho na kulisikiliza gari kwanza.

Safari hii Sikio hakusikiliza muda mrefu. Alifungua gurudumu la mbele, akainama kuangalia, akafungua la pili.

"Njoo uone."

Diski ya breki, ambayo ilipaswa kuwa na rangi ya kisu kilichonolewa, ilikuwa na mabaka ya buluu na zambarau, kama shingo ya njiwa. Pedi zilikuwa zinameremeta kama kioo.

"Hizi zimeungua," Sikio alisema. "Si moto wa siku moja ya kawaida. Ni mteremko, mzigo mzito, na mguu uliolala juu ya breki. Halafu zikamwagiwa maji ya baridi zikiwa bado na moto, ndiyo maana diski imepinda. Nani ameliendesha hivi?"

"Haliendeshwi na mtu ila mimi."

Sikio alifuta mikono kwa kitambaa. "Basi ni wewe."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko hakikufika mbali. Sikio alibadilisha pedi, akazinyoosha diski kwenye mashine, akamwaga mafuta ya breki yaliyokuwa meusi na kuweka mapya. Kisha akaandika ripoti ya ukurasa mmoja, akaifunga kwenye bahasha ya shule. Taratibu aliipeleka mwenyewe ofisini, akaiweka mkononi mwa karani. Kitinda aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne.

"Nitampa mwalimu," alisema.

Jioni ile, wakinywa chai, Taratibu alimweleza kwa upole kuhusu chuma na maji. Hakutaka kumvunja moyo mtu aliyejitolea. "Siku nyingine ukitaka kuliosha, mama, hakikisha limepoa kwanza. Weka mkono hivi, karibu na rimu."

Kitinda alikuwa anaangalia kucha zake. "Lakini lilikuwa limepoa, dada. Jumapili halikuwa limetoka popote."

Hilo ndilo lililomsumbua Taratibu. Kweli, halikuwa limetoka popote. Kwa hiyo kosa lilikuwa la Ijumaa, na Ijumaa dereva alikuwa yeye. Alianza kuuchunguza mguu wake mwenyewe. Labda uzee umeanza kuingilia kwenye kisigino. Labda amekuwa akilala kwenye breki bila kujua, kama watu wanaokoroma na kubisha. Kwa wiki mbili alishuka mlima ule kwa kujihesabia kila anapokanyaga, na watoto wakaona Anti Taratibu amepunguza hata utani.

Jumapili aliporudi tena kutoka kwa shangazi, basi lilikuwa limeoshwa. Alifurahi, lakini safari hii alikwenda moja kwa moja kwenye rimu, akasogeza kiganja. Baridi kabisa. Jumatatu asubuhi alijaribu breki mara tatu uani kabla ya kutoka, zikashika. Kupanda mlima hakuhitaji breki nyingi. Walifika salama, akamshukuru Mungu.

Jioni walianza kushuka, Kitinda akiwa hayupo kwenye kiti chake cha mbele. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna neno. Alipokanyaga kabla ya kona ya nne, alisikia harufu ya kuungua ikipenya katikati ya manukato, na pedali ikazama chini ya mguu wake, laini, kama anakanyaga mkate uliolowa. Akakanyaga tena. Ikazama mpaka sakafuni.

Moyo ulimruka, lakini mikono haikuruka. "Watoto," alisema kwa sauti yake ya kila siku, "kila mtu ashike kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Tunacheza mchezo wa kimya." Akaingiza gia ya kwanza, injini ikapiga ukelele. Akapampu pedali haraka haraka, akapata kidogo, ikapotea. Akaanza kuvuta breki ya mkono, si kwa mkupuo, bali kidogo kidogo, akiiachia na kuivuta. Kona ya nne wakaipita basi likiwa limeinama upande mmoja. Mbele ya kona ya tano palikuwa na njia ya udongo iliyopanda kuelekea kwenye mashamba, nyembamba, yenye mashimo. Taratibu alikuwa ameiona kila siku kwa miaka kumi na moja, na kila siku alikuwa amejiambia: ikitokea, ni pale. Akakata usukani. Basi likaruka mtaro, likapanda ule udongo, likapunguza mwendo, likapiga tuta la mchanga, likasimama.

Kimya. Halafu mtoto mmoja nyuma akauliza, "Anti, nani ameshinda?"

Mtoto mmoja alijiuma mdomo, mwingine alipoteza kiatu. Hayo tu. Taratibu aliwashusha mmoja mmoja, akawakalisha kwenye majani mbali na basi, akawahesabu mara mbili, kisha akaenda nyuma ya mti akatapika.

Jumatano aliitwa ofisini. Alikuta mwalimu mkuu, mwenyekiti wa wazazi, na Kitinda pembeni akiwa na daftari la kuandikia kikao. Taratibu alimtupia mdogo wake jicho la kumtia moyo, kana kwamba mwenye taabu alikuwa yule.

Mwenyekiti wa wazazi alimshukuru kwa kuwaokoa watoto. Kisha akakohoa. Mwalimu mkuu alizungusha kalamu yake. "Taratibu, sitaki kuzunguka. Fundi aliandika wiki mbili zilizopita kwamba basi hili linaendeshwa kwa nguvu likiwa na mzigo mzito. Sasa, watoto si mzigo mzito. Je, unalitumia wikiendi?"

"Wikiendi nakwenda kwa shangazi, mwalimu. Napanda gari la abiria."

"Tuna maelezo tofauti." Akasukuma karatasi mezani.

Maelezo yalisema kwamba dereva huchukua basi la shule Jumamosi bila idhini, hulitumia kwenda kwa jamaa yake, na njiani hubeba mizigo ya watu. Kwamba aliyeandika amemwonya mara kadhaa bila mafanikio. Yalikuwa yamepigwa chapa vizuri, bila kosa. Chini palikuwa na sahihi. Taratibu hakuhitaji kusoma jina. Ile herufi ya kwanza iliyozungushwa kama sikio la paka alikuwa ameifundisha yeye, usiku wa mtihani wa darasa la saba, akiushika mkono mdogo ulioshika kalamu.

Aliisoma karatasi yote mara ya pili, kwa sababu akili ilikataa. Kisha akageuka.

"Kitinda. Hii ni ya kwako?"

Kalamu ya Kitinda ilikuwa imesimama juu ya daftari. Hakuinua macho. "Nimeandika ninachokijua," alisema.

Mtu akipigwa kofi na adui, shavu huuma. Taratibu hakuhisi kitu kwenye shavu. Alihisi sakafu imekwenda, kama ile pedali. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya ile karatasi, akasema, "Naomba mnipe siku mbili," akatoka. Nyuma yake alimsikia mwalimu mkuu akimwambia karani aandike kwamba dereva amesimamishwa, na akaisikia kalamu ikianza kukwaruza.

Hakwenda nyumbani. Alishuka mlima kwa miguu, kilomita zote tisa, na kila hatua swali lilikuwa moja: kwa nini? Mtu hasemi uongo wa namna ile bure. Mwenye kumpaka mwenzake matope ana tope lake analoficha. Alipofika kwenye gereji ya Sikio, ambako basi lilikuwa limevutwa, alikuwa ameacha kuuliza kwa nini na ameanza kuuliza nini.

"Fungua mlango," alimwambia fundi. "Tuangalie ndani, si chini."

Walipiga magoti wote wawili kati ya viti. Sikio ndiye aliyeona kwanza. Nati zinazofunga viti vya nyuma kwenye sakafu zilikuwa zimekwaruzwa upya, na mbili hazikuwa za basi lile kabisa. Zilikuwa kubwa, za kufungia mabati. Mtu alikuwa ameving'oa viti na kuvirudisha. Taratibu alipitisha kidole kwenye mfereji wa reli ya mlango. Kikatoka na vipande vya mawe ya rangi ya majivu, vyenye ncha kali.

"Mawe ya msingi," Sikio alisema. "Haya hayatoki popote ila machimboni kule juu, nyuma ya shule. Na ukijaza mawe kwenye basi hili halafu ukashuka nayo kona saba…" Akamwekea Taratibu kipande kimoja kiganjani. "Nilikosea, dada yangu. Nilisema ni wewe."

"Hata mimi nilisema ni mimi," Taratibu alijibu.

Kesho yake alipanda mpaka machimboni. Kwenye kizuizi cha kuingilia palikuwa na mama mmoja mnene aliyekuwa anainua na kushusha mti wa geti kwa kamba, naye hakuhitaji kubembelezwa.

"Basi la shule? Hilo la njano? Si linakuja! Jumamosi hii, Jumamosi ile hapana. Tulicheka sana, tukasema siku hizi mawe nayo yanasoma. Anaendesha yule wa kofia, Injinia."

"Peke yake?"

"Ana mchumba wake, anakaa mbele. Msichana mzuri, anajipaka midomo huku gari linatembea, hakosei hata kidogo." Yule mama alicheka, kisha akaona sura ya mgeni wake, akaacha. "Kwani vipi? Unamjua?"

"Nilimjua," Taratibu alisema.

Alifika nyumbani jioni, kabla jua halijazama. Kitinda alikuwa anapiga pasi blauzi ya kazini. Taratibu akaweka kile kipande cha jiwe kwenye ubao wa pasi, juu ya kola. Kitinda alikiangalia mpaka blauzi ikaanza kunuka kuungua, ndipo akanyanyua pasi.

"Tunajenga," alisema hatimaye. "Nyumba yetu. Injinia alipata kiwanja, akakosa gari la mawe."

"Na mimi sikupaswa kujua."

"Ungenikatalia."

"Basi la shule, ndiyo, ningekukatalia. Nyumba nisingekukatalia. Ningebeba mawe hayo kichwani."

"Ndiyo hivyo hivyo!" Kitinda aligeuka ghafla, na kwa mara ya kwanza siku zile macho yao yakakutana. "Ungebeba wewe. Kila kitu changu unabeba wewe. Kazi umenitafutia wewe, chumba cha kwako, kila mtu pale shuleni ananiita mdogo wake Taratibu. Nilitaka kitu kimoja nikifanye bila mkono wako."

"Kwa basi langu."

Kitinda alikisukuma kile kipande cha jiwe kwa kidole mpaka pembeni ya ubao.

"Ulipoliosha," Taratibu alisema, "nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha. Uliniona. Ulikuwa unaosha vumbi la mawe."

"Sikujua breki zitaharibika. Injinia alisema zikipoa zinarudi kama kawaida. Akasema maji yanazisaidia kupoa haraka, tukazimwagia Jumamosi ile ile."

"Injinia anajua breki zaidi yangu? Nilikukalisha hapa, nikakwambia chuma cha moto hakimwagiwi maji. Ripoti ya fundi uliisoma kwa macho yako. Ukaenda tena Jumamosi. Ukaniacha niwapakie watoto Jumatatu, na wewe mwenyewe ukakaa kiti cha mbele asubuhi. Jioni ulishuka na nani, Kitinda?"

Kitinda aliinyoosha blauzi juu ya ubao.

"Jumatatu jioni hukushuka nasi. Ulishuka na nani?"

"Alinifuata na pikipiki," Kitinda alisema kwa sauti ndogo. Akaongeza haraka, "Si kwa sababu hiyo! Naapa, dada, si kwa sababu hiyo."

Labda lilikuwa kweli. Taratibu hakujua, na aligundua kwamba hatajua kamwe, kwa kuwa kitu alichokuwa akitumia kumwamini mtu huyu kilikuwa kimekatika. Akakaa kitandani.

"Na barua uliyompa mwalimu?"

"Mwalimu aliniita, akaniuliza ghafla kama unalichukua basi wikiendi. Ningesema nini? Wewe una leseni ya miaka ishirini, utapata kazi popote. Mimi nina hii moja tu. Niliogopa."

"Mtu akiogopa hukimbia," Taratibu alisema. "Wewe ulikaa kwenye mashine ukapiga chapa. Ukapanga na aya."

Pasi ilikuwa inatoa mvuke katikati yao. Mwishowe Taratibu akasimama. "Kesho saa mbili asubuhi nitaingia kwa mwalimu mkuu na Sikio na yule mama wa getini. Ukitangulia wewe ukasema mwenyewe, itakuwa nafuu kwako. Sitakuongezea wala kukupunguzia."

"Utanifanyia hivyo mimi? Damu yako?"

"Walikuwa watoto ishirini na wanane," Taratibu alisema. "Nao wana dada zao."

Usiku ule walilala chumba kimoja kama kawaida, migongo ikitazamana. Asubuhi Kitinda alitoka kwanza. Taratibu alitumaini. Njia nzima, akiwa kwenye gari la Sikio pamoja na yule mama wa machimboni aliyekuwa amevaa nguo za kutokea, alitumaini kwamba akifika atakuta mambo yameshasemwa. Alipofungua mlango wa ofisi, Kitinda alikuwa kwenye kiti chake, blauzi imenyooka, midomo imepakwa, anapanga barua.

"Mwalimu yupo?" Taratibu aliuliza.

"Yupo," karani alisema, kama anamjibu mgeni. "Kaa hapo ungoje."

Ndani hawakuchukua hata nusu saa. Sikio aliweka diski mezani na kuonyesha nyufa nyembamba kama nywele, zile zinazoachwa na maji ya baridi juu ya chuma cha moto, akaeleza jinsi mafuta ya breki yaliyokwisha kuchemka Jumamosi yalivyochemka tena Jumatatu na kujaa hewa. Mama wa machimboni alieleza habari za Injinia na msichana wake, na alipoulizwa kama anaweza kumtambua, akanyoosha kidole mlangoni. "Si huyu aliyetukalisha hapo nje?"

Mwalimu mkuu alimrudishia Taratibu ufunguo kwa mikono miwili. Akasema, "Tulipaswa kukuuliza vizuri." Taratibu akasema, "Mliuliza, mwalimu. Mlimuuliza mtu ambaye hata mimi ningemuuliza."

Kitinda aliachishwa kazi siku hiyo hiyo. Injinia alikutwa hana hata leseni ya basi. Kesi yake ilikwenda polepole, akafungiwa kuendesha chombo chochote cha moto, na kwa muda fulani alionekana mjini akitembea kwa miguu na ile kofia. Nguo za Kitinda zilichukuliwa Taratibu akiwa kazini. Alirudi jioni akakuta nusu ya kabati iko wazi. Watu walisema wanakaa kwenye nyumba yao, ingawa haina madirisha bado. Halafu wakasema wameoana, mbele ya mashahidi wawili, bila kumwita mtu.

Dereva akarudi kwenye mlima wake, na watoto wakampokea kwa makofi. Lakini walimu waligundua kwamba mtu akimfanyia wema mdogo, akimletea kikombe cha chai au kumfutia kioo cha basi, Taratibu humwangalia kwanza, kwa muda unaozidi kidogo ule wa kawaida, kabla ya kusema asante.

Miezi minane baadaye, Jumamosi, alifika kwa shangazi akakuta viatu anavyovijua mlangoni. Shangazi alikuwa amewapanga, akamwita kila mmoja bila kumwambia habari za mwenzake. Kitinda alikuwa amekaa mkekani, amekonda, midomo haina rangi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Shangazi, kitandani, aliwaangalia kwa zamu. "Damu ni nzito kuliko maji," alianza.

"Ni nzito, shangazi," Taratibu alisema. "Ndiyo maana imenielemea."

Kitinda alilia. Alisema amekuja kuomba msamaha kwa ajili ya basi, kwa ajili ya watoto, kwamba hapiti kwenye kona ya tano bila kufumba macho. Taratibu alimsikiliza mpaka mwisho. Alingoja aseme neno kuhusu ile barua ya uongo. Alingoja kweli, akiwa amefungua moyo kiasi alichoweza. Kitinda alifuta pua, akasema nyumba sasa ina milango, na kwamba dada anakaribishwa siku yoyote.

"Nimesikia," Taratibu alisema.

Walikunywa chai. Walizungumza habari za nyonga na mvua. Baada ya saa moja Kitinda aliaga, akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu, kisha akavaa viatu vyake akaenda. Hatua zake zilisikika mpaka barabarani.

"Mmeongea?" shangazi aliuliza kwa matumaini.

"Tumesalimiana."

"Ni mwanzo, mwanangu."

"Ni salamu tu, shangazi," Taratibu alisema, akimimina mafuta kwenye kiganja na kuyapasha joto kati ya mikono yake. "Geuka nikukande upande wa pili."